Jina Aliloliruka Mkalimani

Katika nyumba moja ya mbao ya West Side, mjini Buffalo, nyumba iliyopakwa rangi mara ya mwisho na watu waliokwishazikwa, alikaa mwanamume ambaye kwa siku moja aliweza kushika mimba, kuvunjika nyonga na kupatikana na kisukari, kisha akawahi mazoezi ya kwaya jioni bila kuchelewa hata wimbo mmoja. Jina lake Sylveri. Kazi yake ukalimani wa simu.

Kazi yenyewe haikuwa na jasho. Sylveri alishuka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, akaketi kati ya mashine ya kufulia na tangi la maji ya moto, akavaa spika za masikioni, akangoja. Daktari wa mji wowote wa Marekani akikwama na mgonjwa Mswahili, kampuni ilimtafuta mkalimani aliye wazi, na sauti ya Sylveri ikashuka hospitalini kama ya malaika wa zamu. Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba mkalimani si mtu. Mgonjwa akisema tumbo linaniuma, Sylveri naye humwambia daktari tumbo linaniuma. Mgonjwa akitukana, naye atatukana, tena bila kupunguza chumvi. Akitaka kusema lake mwenyewe, sharti ajitaje kama anamsema jirani: mkalimani anaomba urudie, mkalimani hakusikia vizuri.

Sheria ya pili ilikuwa siri, na hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu Waswahili wa Marekani ni wengi kwa kelele tu. Wanajuana sauti. Sylveri alikuwa Mrundi aliyekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Kiswahili chake alikiokota sokoni Kasulu na kukinyoosha kanisani, na kwaya yake ya Buffalo ilikuwa YouTube. Siku moja bibi mmoja wa Columbus, akiulizwa habari za choo, alipiga kelele za furaha:

"Ee! Si wewe Mwalimu Sylveri wa kinanda?"

"Mkalimani haruhusiwi kujibu, mama."

"Ni yeye! Haya mwanangu, mwambie daktari sijakwenda choo tangu juma lililopita. Na wewe usimwambie mtu."

Hakumwambia mtu. Ndiyo ilikuwa sifa yake. Shida za nusu ya West Side zilikuwa zimepangwa tumboni mwake kama magunia ghalani: nani ana kaswende, nani alipasuliwa nini, nani humwambia mkewe ni mgongo kumbe si mgongo. Na chini kabisa ya magunia hayo, limelaliwa na yote, lilikuwa gunia lake mwenyewe.

Simu za kliniki za wanaume alizipokea kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya viazi. Nesi akiuliza kama unalala na wanawake, wanaume, au wote, Sylveri aliuliza. Wengi walijibu "wanawake tu" kwa haraka ya mtu anayefunga mlango wa choo. Nesi akisema basi tutapima koo, mkojo na nyuma, mgonjwa alitaka maelezo.

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ulikokalia."

"Mwambie huko hakuna kitu. Huko ni kwangu."

Sylveri alimwambia nesi vivyo hivyo, neno kwa neno, na nesi akacheka, na Sylveri hakucheka. Haraka zile za kufunga mlango alizijua. Lakini yeye mwenyewe hakujihesabu humo. Mashoga, kwa hesabu ya Sylveri, walikuwa wazungu wa North Buffalo wenye mbwa wadogo na bendera barazani. Yeye alikuwa na mke, Angelika, binti wa shule, Rakeli, mtoto wa kiume mwenye meno mawili, Kwizera, kinanda cha kanisa, na Mirindi.

Mirindi alikuwa dereva wa lori, Mkongomani wa Bukavu, makazi yake Louisville. Mzigo wa kampuni yake ya malori aliuchukua huko, akapanda nao kupitia Columbus, akaushusha kwenye maghala ya Buffalo. Lakini nyuma ya kiti chake, pale penye kitanda cha dereva, alibeba mzigo wa watu: dagaa wa Tanganyika, unga wa muhogo, mawese, vitenge vya harusi. Kila mji wenye wakimbizi una dereva kama huyu, na kila dereva kama huyu ana nyumba anayofikia. Mirindi alifikia kwa Angelika, ambaye akitoka zamu yake kwenye nyumba ya wazee aliuza dagaa jikoni kwake. Angelika alimwita shemeji. Akija, alimpikia samaki mzima na kumwekea kichwa, sehemu ambayo mumewe hakuwa ameionja tangu Mirindi aanze kuja.

Lori haliruhusiwi kuingia mitaa ile, kwa hiyo Mirindi aliliacha kituo cha malori nje ya mji, na Sylveri akaenda kumchukua kwa gari. Safari hiyo ni fupi. Wao iliwachukua mchana mzima. Angelika aliuliza mara moja tu kulikoni, akaambiwa foleni. Buffalo haina foleni, lakini Angelika alikuwa mtu wa kupanda basi na kusinzia, angejuaje.

Theluji ilipoanza kuyeyuka na kuonyesha takataka zilizolala chini yake tangu Krismasi, Mirindi alitoa kisanduku kwenye koti lake, wakiwa bado garini.

"Nini hiki?"

"Kipimo. Kuko vijana banagawa hivi kule Columbus, karibu na duka ya vyakula. Banatoa mbili mbili, moja yako, moja ya rafiki. Bon. Weye njo rafiki."

"Kipimo cha nini?"

"Cha ukimwi, Mwalimu. Si cha mimba, usiogope. Unapanguza ufizi na kijiti, unatia mu chupa, unangoja. Mustari moja, sawa. Mistari mbili, unaenda ku kliniki."

"Sasa sisi kinatuhusu nini?"

Mirindi alimtazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyepanda juu ya gari. "Mimi na weye tunafanyaka nini hapa? Maombi?" Akanyamaza kidogo. "Na mimi, njiani, kuko siku zingine… donc, sikukuahidi ndoa. Nakuambia ukweli juu nakupenda. Pima."

"Nitapima baadaye."

"Angelika ananyonyesha."

"Nimesema baadaye, Mirindi."

Nyumbani hapakuwa na pahali pa siri. Kabati zilikuwa za Angelika, chini ya vitanda palikuwa pa Rakeli, na kila kilichobaki sakafuni Kwizera alikitia mdomoni. Sylveri alikisukuma kisanduku kwenye mfuko wa kinanda cha kwaya, uliokaa besimenti karibu na kiti chake cha kazi, chini ya nyaya, mahali ambapo hakuna mkono mwingine uliowahi kufika kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kupiga.

Kwa hiyo kila Jumapili kisanduku kilikwenda kanisani. Kililala miguuni pake wakati wa sifa, wakati wa toba, na wakati wa sadaka. Mchungaji Anicet, mtu mwenye sauti ya kuamsha jirani wa mtaa wa tatu, alipenda kumtolea mfano mpiga kinanda wake.

"Mwigeni Mwalimu Sylveri! Anajua mangapi? Anajua yenu yote! Umewahi kumsikia? Bwana amemtia kufuli mdomoni!"

"Amina!" wakajibu wote, na waliojibu kwa nguvu zaidi ni wale waliokuwa wamepita kwenye simu yake.

Jumapili moja, katikati ya pambio, simu ilitikisika juu ya kinanda na jina la Mirindi likatokea. Sylveri aliigeuza kifudifudi, akaendelea kupiga. Ikatikisika tena Jumatatu, na Jumanne mara mbili. Hakuipokea. Kuna simu ambazo mtu huzijua kabla hazijasema, na Sylveri, aliyekula mkate wa habari mbaya za watu, alikuwa na pua nzuri kwa habari mbaya. Alijiambia dereva ana maneno mengi, akija atayasema. Yule dereva hakuja. Dagaa wakaisha jikoni, na Angelika akaanza kuuliza shemeji yuko wapi.

Juma lililofuata, asubuhi, Rakeli akiwa shuleni na Angelika juu na mtoto, simu ya kazi iliita besimenti.

"Hujambo, mimi ni mkalimani wako wa Kiswahili," alisema Sylveri kwa lugha zote mbili, kama sala.

Nesi alijitambulisha kwa Kiingereza: kliniki, Louisville, mgonjwa yuko hapa, tuna majibu ya damu. Kisha upande wa pili mtu akakohoa, akasema, "Jambo."

Sylveri alikijua kikohozi kile kabla ya jambo.

Kwa mambo kama haya kampuni ilikuwa na sheria ya tatu: ukimjua mgonjwa, sema, jitoe, simu itahamia kwa mwingine. Sylveri alifungua mdomo ajitoe, kisha akamkumbuka huyo mwingine. Saa zile za asubuhi waliokuwa kwenye laini ya Kiswahili walijulikana, na wa kwanza wao alikuwa Nestori wa Columbus, mzee wa kanisa, mtu anayewajua wote wawili na ambaye kufuli yake Bwana alikuwa bado hajaifunga vizuri. Sylveri akaufumba mdomo. Akaufungua tena, akaanza kazi.

Nesi alisema pole pole, kama walivyofundishwa. Kile kipimo ulichojipima mwenyewe kilionyesha ukweli. Tumerudia kwa damu. Una virusi vya ukimwi.

"Una virusi vya ukimwi," alisema Sylveri. Sauti ilitoka vizuri. Sauti yake ilikuwa kama punda wa zamani, inajua njia hata mwenye punda akilala.

Akaendelea: leo si kama zamani, kuna kidonge kimoja kila siku, unaanza leo leo, virusi vikishafubazwa kabisa hata humwambukizi mtu. Kwa mbali zilisikika gari za Louisville zikipita kwenye maji.

"Mwalimu," alisema Mirindi. "Ni weye?"

Nesi aliuliza amesema nini.

"Anauliza kama dawa ni kali," alisema Sylveri kwa Kiingereza.

Huo ndio uongo wa kwanza aliousema kwenye simu ya kazi tangu aajiriwe, na ulitoka kirahisi hata akashangaa. Nesi akaeleza habari za dawa, kichefuchefu kidogo, ndoto za ajabu kidogo, na Sylveri akatafsiri ndoto na kichefuchefu kwa uaminifu mkubwa. Kisha nesi akafika alipokuwa akienda. Ndugu, umelala na nani katika miezi hii? Hatutawaambia jina lako. Tunawatafuta tu, tunawaambia kuna mtu ameonekana na virusi, nenda kapime. Tunaokoa watu.

Sylveri alitafsiri. Tangi la maji ya moto liliguna nyuma yake.

"Columbus ni batu sijue majina yabo," alisema Mirindi. "Ile ni makosa yangu. Lakini ku Buffalo ni muntu mumoja. Mwambie vizuri. Iko na bibi, iko na mutoto wa kunyonya. Ule mutoto njo ananiumiza roho. Jina yake Sylveri."

Mkalimani akasogeza kipaza sauti karibu.

"Anasema Columbus palikuwa na watu, hajui majina," alisema kwa Kiingereza. "Na mwingine mmoja wa safarini. Naye hakumbuki jina."

Nesi akasema sawa, akibofya kompyuta. Wamarekani hawashangai mtu kutokumbuka jina.

Sasa, mtu haendeshi lori la magurudumu kumi na manane Marekani bila kufaulu mtihani wa Kiingereza, na Sylveri alilijua hilo, maana yeye ndiye aliyemsomea Mirindi maswali ya mtihani ule, garini, mara nyingi, kabla ya mambo mengine. Hofu ndiyo iliyomsahaulisha.

"Mukalimani," alisema Mirindi, taratibu kabisa. "Kingereza yangu ni ya barabara. Lakini hii barabara inafika mpaka hapo."

Nesi: amesema nini?

"Niliomba mukalimani juu sikutaka kusikia hii mambo peke yangu mu lugha ya batu. Basi Mungu akanitumia weye. Ako na mchezo, ule Mungu yenu. Sikiya. Jina yako sitalisema mu Kingereza. Nilishalisema mara moja, weye ukaliruka. Sasa litakaa kwako. Kile kisanduku kiko wapi?"

Nesi akauliza tena, mara hii kwa wasiwasi: mgonjwa yuko sawa? Anasema nini?

"Mkalimani anaomba ufafanuzi kutoka kwa mgonjwa," alisema Sylveri. Kanuni za kampuni zina maneno ya kila ajali. Kisha, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo kampuni haikuwahi kuisikia: "Kiko ndani ya mfuko wa kinanda."

"Hujakifungua."

"Bado."

"Yesu wangu." Mirindi alivuta pumzi ndefu. "Kwizera ako na umri gani sasa?"

"Ana meno mawili."

"Leo, Sylveri. Si baadaye. Leo." Kisha kwa Kiingereza chake cha barabarani, wazi na bila msaada wa mtu, alimwambia nesi kwamba amemaliza, ahsante, apewe hiyo dawa. Na nesi, kwa upole, akamshukuru mkalimani kwa kazi nzuri. Laini ilipokatika, mashine ya kampuni ikaonyesha alama alizopewa kwa simu ile. Nyota tano.

Sylveri alitoa kisanduku chini ya nyaya. Kilikuwa kimebonyea pembe moja kwa sababu ya kubebwa kanisani. Maelekezo yalikuwa kwa Kiingereza na Kihispania, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nchi hii Sylveri alisoma karatasi ya hospitali iliyomhusu yeye mwenyewe. Alipangusa ufizi wa juu, akapangusa wa chini, akatumbukiza kijiti kwenye kichupa, akakisimamisha juu ya mashine ya kufulia. Ngoja dakika ishirini, ilisema karatasi.

Juu ya kichwa chake mbao zililia. Angelika anatembea. Mtoto akapiga ukelele mara mbili, ule ukelele wake wa njaa. Mbao zikalia tena kuelekea dirishani, kisha kiti kikalia. Kiti kile Sylveri alikijua. Kilikuwa na mguu mmoja mbovu, na Angelika alikikalia kwa kazi moja tu. Kikaanza kubembea: kwi, kwi, kwi.

Sylveri aliangalia kijiti. Maji ya waridi yalikuwa yakipanda taratibu kwenye kidirisha chake. Mstari wa kwanza ukatokea, ule unaotokea kwa kila mtu. Chini yake, mwepesi kama alama ya kucha, ukaanza wa pili.

Mtu mwingine angepanda ngazi. Mtu mwingine angepanda hata kabla ya kufungua kisanduku. Lakini karatasi ilisema dakika ishirini, na Sylveri alikuwa mtu wa maelekezo. Alijiambia mstari mwepesi huenda usiwe mstari. Alijiambia mwanga wa besimenti ni mbaya. Alijiambia mambo mengi, yote kwa nafsi ya kwanza, bila mkalimani, na kiti kule juu kikaendelea kulia, kwi, kwi, kwi, kikipunguza mwendo jinsi mtoto alivyoshiba. Dakika ishirini zilipotimia mistari ilikuwa miwili, minene, mizuri, inayosomeka hata na mchungaji. Na kiti kilikuwa kimenyamaza.

Alipofika juu, Kwizera alikuwa amelala begani kwa mama yake, tone la maziwa kwenye kidevu.

"Mama Rakeli, usimnyonyeshe tena huyo mtoto."

Angelika alimgeukia bila haraka. "Kwa nini? Nina nini?"

"Si wewe. Ni mimi. Nimepima. Nina virusi."

Alikuwa mwanamke aliyeona watu wakifa kambini na wazee wakifa kazini, na habari haikumwangusha. Iliketi tu naye kwenye kiti. Kisha akasema, "Mirindi."

Sylveri alihisi ngazi za besimenti zikimvuta kisigino.

"Ni huyo Mirindi wenu," alisema Angelika. "Nilijua. Madereva! Amekupeleka kwa wanawake gani? Wa huko kwenye malori? Wazungu? Sema, Baba Rakeli, malaya gani huyo!"

Mlango ulikuwa wazi, tena ameufungua mke mwenyewe. Angeingia tu. Angesema ndiyo, mwanamke, shetani, bia, mara moja. Mchungaji Anicet angemwombea hadharani, kwaya ingelia, na kesi ya mwanamke wa malori ni kesi ndogo, imeshawahi kumalizwa kwa chakula cha jioni. Sylveri alitazama kidevu cha mwanawe.

"Hakuna mwanamke," alisema.

"Huwezi kuupata hewani!"

"Hakuna mwanamke, Angelika. Ni Mirindi."

Mara ya kwanza hakuelewa. Alimwangalia mumewe mdomoni, kama wagonjwa wanavyoiangalia simu wakingoja maneno yageuke kuwa lugha yao. Kisha yakageuka. Hakupiga kelele. Alimhamisha mtoto kutoka bega la kushoto hadi la kulia, mbali naye.

"Foleni," alisema.

"Na mimi nikampikia," alisema Angelika. "Nikamwekea kichwa cha samaki. Wewe unakula mkia, na mimi nasema, mwachie mgeni." Akacheka mara moja, kicheko kikavu kama kikohozi. "Tangu lini umekuwa na hicho kipimo?"

Hapo ndipo angeweza kusema leo. Alisema, "Tangu theluji ilipoanza kuyeyuka."

Angelika akatazama nje. Barabara ilikuwa kavu, na miti ya West Side ilikuwa na majani.

Kliniki ya Buffalo ilikuwa na viti vya plastiki na picha za watu wenye afya wanaocheka. Walianza na Sylveri. Damu ikathibitisha, akapewa kichupa cheupe cha vidonge na siku ya kurudi. Alikitia mfuko wa koti. Kikawa kinachakacha kila akipiga hatua, kama kayamba la mtoto, na alijaribu kutembea polepole.

Ilipofika zamu ya Angelika na mtoto, nesi alimuuliza kama anahitaji mkalimani. Sylveri akainuka. Alisema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba hakuna shida, yeye ni mkalimani, ndiyo kazi yake, atamsaidia mkewe.

"No," alisema Angelika. Hakuwa na Kiingereza kingi, lakini hilo alikuwa nalo. Akamwonyesha nesi kwa kidole simu ya mezani. "Simu. Yeye, nje."

Mlango ukafungwa. Sylveri aliketi korido na kusikia kupitia ukuta sauti ya mwanamke asiyemjua, labda wa Texas, labda wa Maine, ikisema kwa Kiswahili safi cha Tanga: hujambo, mimi ni mkalimani wako. Baada ya hapo palikuwa na mngurumo tu, mmoja wa Kiingereza, mmoja wa simu, mmoja wa mkewe. Maneno hayakupita. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, mambo yalikuwa yanasemwa na yeye hayajui. Alijaribu kusoma mngurumo ule kama anavyousoma siku zote, urefu wake, vituo vyake. Palitokea kimya mahali fulani, na alikijua kimya hicho, maana yeye ndiye hukitangulia kila siku. Lakini hakuweza kujua kinamhusu nani, mama au mtoto.

Nesi alitoka kwanza. Kwa kuwa yeye ni baba, alisema, ana haki ya kujua habari za mtoto: kwa leo Kwizera hajaonekana na virusi, anapewa dawa ya maji ya kumkinga, atapimwa tena na tena, na maziwa ya mama basi.

"Na mama yake?" aliuliza Sylveri.

Hayo, alisema nesi kwa upole, muulize mwenyewe.

Angelika alitoka na mtoto mgongoni, kamfunga kitenge juu ya koti kama yuko Kasulu, mkoba begani na kopo la maziwa ya unga kwapani. Alimpita mumewe bila kumgusa. Sylveri akamfuata hadi mlango wa kioo, barabarani, hadi kituo cha basi.

"Angelika. Wamekuambiaje?"

Basi lilikuwa linakuja. Aliendelea kulitazama.

"Muulize mkalimani," alisema.

Akapanda. Kwenye kile kidato cha mlangoni alijivuta juu, mkoba ukamgonga ubavuni, na ndani ya mkoba kitu kikachakacha. Sylveri alisimama kituoni, mkono wake juu ya mfuko wa koti, ameshika kichupa chake kisilie, ili asikie vizuri. Kilicholia hakikuwa chake. Mlango wa basi ukafungwa.